PRK, LASEK na ndugu zao: leza ni ileile, tofauti iko kwenye ngozi ya konea

Mhariri,

Makala nyingi za afya zinazozungumzia kuachana na miwani kwa leza humwachia msomaji picha moja tu: unalala, taa inamulika, unaamka unaona. Kisha hutajwa majina, PRK, LASEK, epi-LASIK, trans-PRK, kana kwamba ni mashine nne tofauti na ile iliyotajwa mwisho ndiyo bora kwa sababu ndiyo mpya. Sisi tulio katika kazi ya macho tunaomba nafasi turekebishe jambo hilo. Njia zote nne hutumia leza ya aina moja, hunyoa tabaka lilelile la jicho, kwa hesabu ileile. Zinapoachana ni pale mwanzoni kabisa, kwenye namna ya kuondoa utando mwembamba wa juu ili leza ifike inapotakiwa.

Konea ni kile kioo angavu kilicho mbele ya mboni. Katikati yake ina unene wa mikroni 540 hivi, yaani nusu milimita na kidogo. Juu kabisa imefunikwa na utando wa seli wenye mikroni 50 hivi. Hapa tutauita ngozi ya konea, kwa kuwa nao huchubuka na kuota upya kama ngozi. Chini yake kuna utando wa Bowman, kama mikroni 10, ambao ukishaondoka haurudi. Baada ya hapo ndipo huanza stroma, nyama yenyewe ya konea, takriban tisa ya kumi ya unene wote. Konea hubeba karibu theluthi mbili za nguvu ya jicho ya kupinda mwanga, diopta 43 hivi kati ya 60. Kwa mtu asiyeona mbali, jicho ni refu kuliko nguvu hiyo inavyotaka, na taswira hujikusanya mbele ya retina. Ukiilaza konea kidogo katikati, taswira husogea nyuma na kuangukia mahali pake.

Leza inayofanya kazi hiyo huitwa eksima. Hutokana na gesi za agoni na florini, na mwanga wake una urefu wa wimbi wa nanomita 193, hauonekani kwa macho. Mwaka 1983 daktari wa Marekani, Stephen Trokel, na wenzake walionyesha kwamba inaweza kuondoa nyama ya konea bila kuunguza ya jirani, na mwaka 1995 Marekani ikaidhinisha PRK kwa matumizi ya kawaida. Kila pigo moja la leza huondoa kama robo ya mikroni. Mgonjwa husikia mlio wa tatatata na harufu kama ya nywele zilizoungua, akadhani jicho linachomwa. Haliungui: mwanga huo hukata vifungo vya molekuli, na kinachonuka ni mabaki yanayoruka hewani.

Hesabu ya kina kitakachonyolewa ni rahisi kiasi kwamba mgonjwa mwenyewe anaweza kuifanya. Chukua kipenyo cha eneo litakalonyolewa kwa milimita, kizidishe kwa chenyewe, zidisha kwa diopta, gawanya kwa 3. Mwenye diopta −4 (alama ya kutoa ni ya asiyeona mbali) akinyolewa eneo la milimita 6 atapoteza mikroni 48. Eneo hilohilo likipanuliwa hadi milimita 7, zinakuwa mikroni 65. Mashine za leo huongeza kidogo juu ya hapo kwa ajili ya kulainisha kingo. Kwa nini basi tusinyoe eneo dogo kuokoa nyama? Kwa sababu usiku mboni hutanuka, na ikitanuka kupita eneo lililonyolewa, kila taa ya barabarani huvaa duara na miale. Kwa hiyo mwenye konea nyembamba na mboni pana ana mzozo ambao hakuna jina la njia linaloweza kuumaliza.

Mbona basi kunyoa juu ya konea, kama zifanyavyo njia hizi nne, na si LASIK, ambayo haiumi sana na mtu huona kesho yake? LASIK hukata kifuniko cha mikroni 100 hivi, ikakifunua, ikanyoa chini yake, ikakirudisha. Kifuniko hicho hushikamana tena, lakini hakibebi tena mzigo wa jicho kama zamani, na pigo zito linaweza kukisogeza hata miaka mingi baadaye. Mwenye konea nyembamba, bondia, askari, mcheza mieleka, mtu ambaye mtoto humtia kidole jichoni kila jioni: hao upasuaji wa juu huwafaa zaidi. Gharama yake ni maumivu ya siku chache na kusubiri.

Sasa tuje kwenye ngozi.

Katika PRK ya kawaida, jicho hutiwa matone ya ganzi, kope zikashikwa wazi kwa kibanio. Daktari huweka pete ya chuma yenye kipenyo cha milimita 8 au 9 juu ya konea, akaijaza pombe ya asilimia 20 iliyochanganywa na maji safi, akahesabu sekunde 20. Hapa pana jambo dogo linalotenganisha mkono uliozoea na mkono unaojifunza: pombe hunyonywa kwa sponji ikiwa bado ndani ya pete, ndipo pete inuliwe. Ukiinua pete kwanza, pombe humwagika ukingoni mwa konea, na huko ndiko ziliko seli mama zinazootesha ngozi mpya. Kisha jicho husuuzwa kwa maji ya chumvi ya dawa, na ngozi iliyolegea husukumwa kwa kijiko butu kutoka pembeni kuja katikati, kama anayebandua karatasi iliyolowa. Wengine hawatumii pombe. Hukwangua kwa kisu butu au kwa burashi ndogo inayozunguka. Ngozi hutupwa.

LASEK, njia iliyopewa jina na Massimo Camellin wa Italia mwishoni mwa miaka ya 1990, ilizaliwa kutokana na swali la haki: mbona tuitupe? Ngozi hukatwa mduara usiotimia, ikabaki imeshika upande wa juu kama bawaba, ikalowekwa pombe kwa sekunde 30 au zaidi kidogo, ikakunjwa pembeni. Leza ikishapita, hurudishwa mahali pake kama blanketi. Matumaini yalikuwa kwamba blanketi hilo lingepunguza maumivu na ukungu. Kasoro ni kwamba pombe hiyohiyo inayolegeza ndiyo inayoua seli. Ikikaa kidogo ngozi inachanika. Ikikaa sana unarudisha utando uliokufa, na seli mpya zinapaswa kuusukuma nje kabla hazijachukua nafasi. Ikichanika katikati ya kazi, daktari huitupa na kumaliza kama PRK, na mgonjwa huwa hajapoteza kitu. Hilo peke yake linakwambia tofauti ni ndogo kiasi gani.

Epi-LASIK, ya Ioannis Pallikaris wa Ugiriki mwaka 2003, ilikwepa pombe. Pete hunyonya jicho kwa nguvu ya ombwe hadi likakamaa, na wembe butu wa plastiki unaotetemeka hupita kati ya ngozi na utando wa Bowman. Inapokwenda vizuri, ngozi huinuka safi na seli zake hai. Inapokwenda vibaya, wembe hupiga mbizi kwenye stroma, na hapo kazi huahirishwa kwa miezi. Kunyoa juu ya mkato wa namna hiyo ni kutafuta balaa. Macho yaliyozama ndani, konea bapa, kovu la zamani na presha ya jicho ni sababu za kuiacha. Tena madaktari wengi walioanza kuirudisha ngozi waliishia kuitupa, baada ya kuona jicho lililoachwa wazi halichelewi kupona.

Trans-PRK haigusi jicho kwa chombo chochote zaidi ya kibanio cha kope. Leza yenyewe hunyoa ngozi na stroma kwa mkupuo mmoja. Kidonda huwa na ukubwa wa eneo la kazi tu, kingo zake safi, na muda ni mfupi. Tunaipenda, lakini haina macho. Mashine haijui unene wa ngozi yako; hukisia. Mpango unaotumika sana huchukulia mikroni 55 katikati na 65 milimita nne kutoka hapo. Ukiwa na ngozi nene kuliko hiyo, leza humaliza ngozi wakati ilipaswa kuwa imeshaanza nyama, hasa pembeni, na eneo la kuona vizuri linakuwa dogo kuliko lililopangwa. Ikiwa nyembamba, inachukua nyama ya ziada. Ikiwa si ya usawa, na huwa hivyo kwa waliovaa lenzi miaka mingi, wenye macho makavu au waliowahi kufanyiwa upasuaji, umbo la ngozi hunakiliwa chini kama kosa jipya la kuona. Kwa hiyo anayeahidiwa trans-PRK aulize kama unene wa ngozi yake umepimwa kwa OCT, mashine inayopiga picha za tabaka za konea kwa mwanga. Akiambiwa haina haja, afikiri upya.

Ukipima uwezo wa kuona baada ya miezi mitatu hadi sita, njia hizi nne karibu hazitofautiani. Mapitio ya mwaka 2016 ya Cochrane, mtandao unaochambua tafiti za tiba, yaliyolinganisha LASEK na PRK hayakupata ushahidi imara wa moja kuishinda nyingine. Maoni yetu: mwenye jicho la kawaida anayehudumiwa na mkono uliozoea PRK ya pombe hana sababu ya kuhama kituo kutafuta jina jipya.

Kinachoharibu matokeo mara nyingi hakimo kwenye jina. Mfano ni maji. Stroma ikishavuliwa ngozi huanza kukauka, na iliyokauka hunyolewa zaidi kwa kila pigo. Daktari akisitasita dakika moja au mbili kati ya kukwangua na kufyatua, mwenye −4 anaweza kuamka akiwa amepitiliza upande wa pili. Kinyume chake, tone la maji likisalia katikati, linakunywa mapigo yaliyokusudiwa konea, na hapo hubaki kisiwa cha nyama isiyonyolewa. Ndiyo maana uso wa konea hupanguswa kwa sponji kwa mwendo uleule kila mara, na leza hufyatuliwa papo hapo. Mfano mwingine ni kuzunguka kwa jicho. Mtu akilala, jicho lake linaweza kujizungusha digrii kadhaa. Kwa asiyeona mbali tu haidhuru. Kwa mwenye astigmatizimu, yaani konea iliyopinda zaidi upande mmoja kuliko mwingine, kukosea digrii 10 hupoteza karibu theluthi ya marekebisho. Alama ya kalamu ukingoni mwa jicho, mgonjwa akiwa amekaa wima, au mashine inayosoma michirizi ya mboni, huokoa hali.

Adui mkubwa wa upasuaji wa juu ni ukungu. Seli za stroma zilizojeruhiwa hugeuka kuwa seli za kovu, zikaweka nyuzi zisizopitisha mwanga vizuri. Kadiri kina kinavyozidi na kingo zisivyo laini, ndivyo hatari inavyopanda, na jua kali huchochea. Dawa yake ni mitomaisini C ya asilimia 0.02, inayowekwa kwa kiduara cha sponji kilicholowa, kwa sekunde 12 hadi dakika moja kulingana na kina, kisha jicho likasuuzwa kwa maji mengi, si matone mawili matatu. Wengi huitumia kuanzia diopta −6 au kina cha mikroni 75 hivi, na siku hizi wapo wanaoitumia chini ya hapo. Ni dawa inayozuia seli kugawanyika. Haifai kumwagika ukingoni, na haiwekwi kwa mjamzito. Mwenye −7 anayepangiwa upasuaji wa juu bila dawa hii kutajwa popote ana haki ya kuuliza kwa nini. Kupita −8 au −10, mara nyingi ni busara kuzungumzia lenzi ya kupandikizwa ndani ya jicho, kuliko kuendelea kunyoa.

Baada ya leza jicho huvishwa lenzi laini ya bandeji. Ganzi ikiisha, saa moja hivi, huanza kuwasha, kutoa machozi na kukataa mwanga, na siku mbili za kwanza ndizo mbaya zaidi. Ngozi mpya hutambaa kutoka pembeni, na mara nyingi hukutana katikati siku ya tatu hadi ya tano. Inapokutana huacha mshono kama tuta dogo, hasa pale mtu anapotazamia. Matokeo yake ni kwamba siku ya nne mtu anaweza kuona vibaya kuliko siku ya kwanza. Wasioambiwa mapema hupata hofu kubwa. Wakagusa, wakafikicha, wakavua lenzi. Kuvua lenzi kabla ngozi haijaziba ni kuing'oa ngozi mpya pamoja nayo. Daktari ndiye huitoa, kwa kawaida siku ya nne hadi ya saba, baada ya kuangalia kwa taa. Lakini maumivu yakizidi badala ya kupungua, jicho likiwa jekundu zaidi, likitoa usaha au doa jeupe likionekana kwenye konea, hapo si mshono tena: ni hospitali siku hiyohiyo.

Tutie mkazo mkubwa juu ya matone ya ganzi. Yale yanayotumika chumba cha upasuaji huondoa maumivu ndani ya nusu dakika, na mgonjwa akiyaona atayaomba ayachukue nyumbani. Hayapewi. Yakitumika siku mfululizo huzuia ngozi kuota na kuyeyusha konea, na wapo waliopoteza jicho kwa namna hiyo. Matone ya kutuliza maumivu yasiyo ya steroidi (dawa kali ya kuzuia uvimbe) hutolewa, lakini kwa siku chache tu na kwa idadi iliyoandikwa, maana nayo yakizidi huchelewesha kupona. Vidonge vya maumivu, chumba chenye giza, miwani ya jua na machozi ya bandia yasiyo na dawa ya kuhifadhi hufanya sehemu kubwa ya kazi.

Antibayotiki ya matone huenda kama wiki moja, mara nne kwa siku. Steroidi ndiyo safari ndefu. Mpangilio unaotumika sana ni fluorometholoni ya asilimia 0.1, mara nne kwa siku mwezi wa kwanza, tatu wa pili, mbili wa tatu, moja wa nne. Wenye diopta chache hupewa muda mfupi zaidi. Watu huacha mwezi wa pili kwa kuwa wanaona vizuri, kisha ukungu na diopta hurudi pamoja. Upande wa pili wa sarafu hiyo, steroidi hupandisha presha ya jicho kwa baadhi ya watu bila dalili yoyote, kwa hiyo presha hupimwa kila mwezi dawa ikiendelea. Mpimaji aambiwe kwamba konea imenyolewa: konea iliyopungua unene huonyesha presha ya chini kuliko iliyopo.

Wa kutofanyiwa hawapungui. Aliye chini ya miaka 18 asubiri, na ni heri afike 21. Miwani ikibadilika zaidi ya nusu diopta ndani ya mwaka, jicho bado linarefuka na kazi itaharibika. Mjamzito na anayenyonyesha wasubiri. Mwenye macho makavu sana, aliyewahi kupata herpesi ya jicho, au mwenye ugonjwa wa kinga ya mwili kushambulia viungo vyake azungumze kwanza kwa kirefu na daktari. Lenzi laini zivuliwe wiki moja hadi mbili kabla ya vipimo, na zile ngumu wiki tatu au nne angalau, maana hubonyeza konea na kudanganya mashine.

Na keratokonasi, konea inayochongoka polepole, ichunguzwe kwa ramani ya konea mbele na nyuma, si kwa kipimo cha unene peke yake. Imezoeleka kusikia kwamba mwenye ramani ya kutiliwa shaka afanyiwe PRK kwa kuwa haina kifuniko. Hatukubaliani na kauli hiyo ikitolewa hivihivi tu. Kunyoa konea dhaifu ni kuidhoofisha zaidi, hata ukinyoa juu. Wengi wetu tunataka zisalie angalau mikroni 400 kwa jumla baada ya kazi, na hata hapo ramani ikiwa imepinda, jibu ni hapana.

Mambo mawili husahauliwa. Leza haifupishi jicho. Aliyekuwa na −8 akaona bila miwani bado ana jicho refu lenye retina iliyovutika, na akiona cheche au pazia jeusi aende haraka kama zamani. Tena aliye na miaka 43 na −2, ambaye leo huvua miwani na kusoma, ataamka akiona mbali na kutafuta miwani ya kusomea.

La mwisho ni karatasi. Mtoto wa jicho akija uzeeni, daktari huchagua nguvu ya lenzi mpya kwa kupima mzingo wa konea, na konea iliyonyolewa hupotosha kipimo hicho. Kabla ya kuondoka kituoni, omba nakala ya vipimo vya kabla ya leza: mzingo wa konea, unene, diopta za miwani, na kina kilichonyolewa. Zitunze pamoja na cheti cha kuzaliwa. Zitatakiwa baada ya miaka 30, wakati huenda kituo chenyewe hakipo.

Wahudumu wa macho, wasomaji wa gazeti lako